ASILI YA MANENO: Maungamo mafupi

Watoto wenu wanaojifunza Kiingereza katika shule ya sekondari watakutana siku moja na msemo wa maneno mawili, «short shrift». Wakifungua kamusi, wataambiwa kwamba kumpa mtu «short shrift» ni kumpuuza: tajiri ameitupa barua ya mfanyakazi kabla ya kuimaliza, au hakimu amemfukuza mjane pasipo kulisikiliza shauri lake. Kamusi haisemi uongo. Lakini ukiyafasiri maneno hayo moja moja utapata jambo lingine kabisa, yaani maungamo mafupi.

Neno «shrift» limezaliwa na kitenzi «shrive», ambacho Waingereza wa leo hukitumia kwa nadra sana. Maana yake ni kuungamisha: padri humsikiliza mwenye dhambi, humpa malipizi, humwondolea dhambi zake. Asili ya kitenzi hicho ni Kilatini, nayo haihusu dhambi hata kidogo. Ni «scribere», yaani kuandika. Watu wa kaskazini ya Ulaya walipopokea maandishi ya Warumi, walipokea na neno lake pamoja. Hata leo Wajerumani wakitaka kusema kuandika husema «schreiben», na Waflemi «schrijven»; wazee wetu waliofundishwa na mapadri Wabelgiji huenda walilisikia mara nyingi.

Waingereza, wao, walikuwa tayari na neno lao la kuandika, «write», ambalo hapo kale lilikuwa na maana ya kukwaruza kwa ncha kali. Mgeni alipofika, akakuta kiti kimekaliwa. Basi akapewa kazi nyingine: kuamuru, kukata hukumu, kumpangia mtu fungu lake. Katika utenzi wa kale uitwao Beowulf, ambao hati yake iliandikwa mnamo mwaka 1000, kitenzi hicho chatumika kwa hukumu ambayo Mungu atamkatia zimwi Grendel. Hapo hakuna huruma. Ni hukumu tupu.

Imekuwaje basi neno la hukumu liwe neno la msamaha? Sababu ni vitabu vya malipizi. Vitabu hivyo vilianza kwa wamonaki wa Ireland katika karne ya 6, kisha vikaenea Uingereza. Kimoja chao kinachukua jina la Teodoro, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury mpaka alipokufa mwaka 690. Ndani yake kila dhambi ilikuwa na malipizi yake: siku kadhaa za kufunga kwa mkate na maji, au miezi, au hata miaka. Padri alipima kosa na hali ya mtu, akampangia. Kupanga malipizi ndiko kulikoitwa kwa kitenzi hicho. Kitabu chenyewe kiliitwa «scriftboc», na eneo la padri mwungamishi likaitwa «scriftscir». Lakini mkristu aliyetoka kwa padri hakukumbuka tu mzigo aliotwikwa. Alikumbuka zaidi ule aliotuliwa. Polepole jina la mzigo likawa jina la faraja. Sisi twaona kwamba mabadiliko hayo hayakufanywa na wataalamu wa lugha, bali na watu wa kawaida waliorudi nyumbani na moyo mwepesi.

Mwaka 1215 Mtaguso wa Laterano uliwaamuru wakristu wote kuungama walau mara moja kwa mwaka. Huko Uingereza wengi walikwenda katika siku zinazotangulia Kwaresima, na hivyo Jumanne iliyo kabla ya Jumatano ya Majivu hata sasa yaitwa «Shrove Tuesday», Jumanne ya kuungamishwa. Siku hiyo walimaliza mayai, maziwa na mafuta yaliyokatazwa wakati wa mfungo, wakikaanga mikate myembamba. Ufalme ulipotengana na Roma mwaka 1534, na baadaye maungamo ya siri yakaacha kuwa sharti, kengele iliyokuwa ikiwaita watu kuungama iliendelea kulia katika parokia nyingi. Watu wakaiita kengele ya mikate ya kukaanga! Katika mji wa Olney wanawake hushindana mbio siku hiyo, kikaango mkononi.

Na yale maungamo mafupi? Tarehe 13 Juni 1483, katika Mnara wa London, Bwana Hastings alikamatwa katikati ya baraza kwa amri ya Richard, mtawala mdogo wa Gloucester, aliyesimamia ufalme kwa kuwa mfalme alikuwa bado mtoto. Hakushtakiwa mbele ya hakimu yeyote. Thomas More, katika historia yake ya Richard, anasimulia kwamba Hastings alimchukua padri yeyote aliyepatikana, akaungama upesi upesi, kwa maana hakuruhusiwa zaidi. Richard alikuwa ameapa hatakula mpaka kichwa kile kikatwe, na chakula kilikuwa tayari. Shakespeare naye aliliingiza tendo hilo katika mchezo wake juu ya mfalme huyo. More mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1535, akatangazwa mtakatifu mwaka 1935.

Hivyo dakika chache alizogawiwa mtu anayekwenda kufa zikawa, baada ya karne kadhaa, barua isiyosomwa mezani pa tajiri. Waandishi wengi wanaoutumia msemo huo magazetini hawafikirii padri wala gogo la kukatia vichwa.

Imebaki maana moja ya kale ambayo hatukuitaja. Katika Kiingereza cha zamani, kabla ya mwaka 1100, kitenzi hicho kilitumika pia kwa kumjali mtu, kumwangalia, kushughulika na mambo yake. Leo «shrift», mtoto wake, husikika karibu tu pale ambapo mtu hakujaliwa.