Mhadhara Utangulie Lango la Chuo

Ni jambo lisilopingika kwamba wanafunzi wengi watokao shule za upili huingia chuo kikuu wakiwa hodari wa mitihani lakini wageni katika kusikiliza. Wamezoea imla: mwalimu husoma, nao huandika. Katika ukumbi wa mihadhara huinamia daftari wakingoja kusomewa. Mhadhiri naye hujenga hoja, huipinga, kisha huirejelea kwa sura nyingine. Saa ikitimia, daftari limejaa vipande visivyoungana.

Wapo wanaodai kwamba mhadhara umepitwa na wakati kwa kuwa maarifa yote yamo vitabuni na katika intaneti. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Kitabu huhifadhi maarifa. Mhadhara huonyesha namna yanavyofikiriwa. Katika Soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, anayejifunza kukata nyama humtazama kwanza fundi anavyokipata kiungo kwa ncha ya kisu. Hata hivyo, asiposhika kisu mwenyewe atabaki mtazamaji. Vivyo hivyo, mhadhara usiofuatwa na maswali na muhtasari wa maneno ya msikilizaji mwenyewe hauandai mtu.

Je, maandalizi hayo yafanyike lini? Mtihani wa KCSE hukamilika Novemba, ilhali wanafunzi wapya huripoti vyuoni yapata Agosti au Septemba. Katika miezi hiyo, vijana wa Kaloleni, Shauri Moyo na Makongeni hutafuta vibarua, na stadi ya kusoma huota kutu.

Hapa ndipo vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinapohitajika. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, una ukumbi wa kijamii usio mbali na Burma. Mhadhara wa saa moja kila Jumamosi, ukifuatwa na mjadala, ungetosha. Mada ya kwanza ingeweza kuwa Sheng, ambayo watafiti wengi huihusisha na mitaa hiyohiyo ya Mashariki mwa Nairobi. Mhadhiri angeleta nadharia ya isimujamii. Vijana wangeleta data kutoka vinywani mwao, na mapema wangetambua kwamba msomi hajibu tu maswali, bali pia huyauliza.

Samaki mkunje angali mbichi. Chama kinachosubiri mwanafunzi afike langoni ndipo kimfunze kusikiliza, kimechelewa.