Sharti halijatimia, au limezuiwa?

Nimepotea kidogo, testi zilikuwa zinabana. Leo acheni nitoe la moyoni, maana linahusu hela yangu.

Nilihama geto miezi mitatu kabla kodi haijaisha. Na mzee mwenye nyumba tukaandikiana kabisa: nitarudishiwa hela ya miezi iliyobaki akipatikana mpangaji mwingine. Hilo ndilo sharti. Haki yangu ipo, ila imelala mpaka tukio litokee. (Lipo na la kinyume, linaloua haki iliyokwisha kuwepo: "kaa hapa mpaka mwanangu atakaporudi". Akirudi, unafungasha.)

Basi nikampelekea wapangaji wawili, hela mkononi. Wa kwanza kaambiwa chumba kinapakwa rangi. Wa pili kaambiwa kimeshachukuliwa. Kumbe mzee kajaza magunia yake ya mkaa! Nikimdai, jibu ni lilelile: "Kijana, mpangaji hajapatikana."

Washkaji darasani wanasema mzee yuko sahihi, karatasi ni karatasi. Mimi nakataa. Tulikubaliana kusubiri tukio, hatukukubaliana yeye akae mlangoni alifukuze. Sheria ya madai ya Wajerumani, inayotumika tangu 1900, inasema kwenye kifungu cha 162 kwamba anayenufaika sharti likishindikana, akilizuia kwa nia mbaya, linahesabiwa limetimia. Wafaransa nao wana kanuni kama hiyo, na ahadi ya "nitalipa nikijisikia" kwao ni batili. Sheria yetu ya Mikataba, iliyofuata ile ya India ya 1872, nayo inampa fidia aliyezuiwa na mwenzake kutekeleza ahadi yake.

Sisemi mzee alilazimika kumpokea yeyote. Ningempelekea mlevi asiye na kazi, angekuwa na haki ya kumkataa. Ila huyu hakuuliza hata jina la mtu.

Kosa langu? Hatukuandika nani atamtafuta mpangaji, wala tusubiri mpaka lini. Hapo nilizembea, tena mimi ndiye nilikuwa nawafundisha wenzangu mikataba kwenye diskasheni, aibu kweli.

Jumamosi naenda kwa mwenyekiti wa mtaa na yule jamaa wa pili, akaseme mwenyewe alichojibiwa. Picha ya magunia ninayo kwenye simu.