Kabla ya kuuza ng'ombe ununue kompyuta mpya, fungua kwanza ile ya zamani

MWEZI Agosti nilikwenda Mvumi kumsalimia dada yangu, nikakuta nyumba haina maelewano. Shemeji amenuna, mtoto wao wa kidato cha tatu amenuna zaidi, na chanzo cha yote ni kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitenge pale sebuleni.

Waliinunua Dodoma mjini ikiwa imeshatumika, ili mtoto ajisomee. Mwaka wa kwanza ilikwenda vizuri. Baadaye ikawa inachukua dakika nyingi kuwaka, na ukifungua mtihani wa zamani pamoja na ukurasa wa intaneti, inaganda. Shemeji akahitimisha kwamba kijana ameiharibu kwa magemu, akampiga marufuku kuigusa. Kisha, kwa kuwa kidato cha nne hakisubiri mtu, akachagua ng'ombe wa kupeleka mnadani apate fedha ya kompyuta mpya.

Mimi ni mwandishi wa afya, si fundi. Lakini miaka ya kukaa na madaktari imenifundisha kitu kimoja: hakuna dawa kabla ya vipimo. Nikamwomba shemeji anipe siku chache.

Kipimo chenyewe ni rahisi na hakina gharama. Kwenye kompyuta ya Windows 10 au 11, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Likifunguka dirisha, nenda sehemu ya Performance, kisha Memory. Hapo utaona kompyuta ina kumbukumbu kiasi gani, kiasi gani kimeshatumika, na nafasi ngapi za kuchomeka kumbukumbu zimejaa. Ya dada ilikuwa na GB 2 tu, karibu zote zimetumika, na nafasi 1 kati ya 2 ilikuwa wazi.

Kumbukumbu hiyo ndiyo mafundi wanaiita ramu. Ifikirie kama meza ya kusomea, na diski kama kabati la vitabu. Kabati linaweza kuwa kubwa, lakini kama meza ni ndogo, kila ukitaka kitabu kingine lazima urudishe cha kwanza. Kompyuta hufanya vivyo hivyo: ramu ikijaa, inapeleka kazi kwenye diski na kuzirudisha, na diski ni ya polepole mno. Programu na kurasa za intaneti nazo kila mwaka zinahitaji nafasi zaidi. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa haijaharibiwa na mtu. Meza ilikuwa imezidiwa.

Nilipomweleza shemeji, alinyamaza. Kijana naye alinyamaza, lakini niliona mabega yake yameshuka.

Sasa kosa langu. Nilipanda gari hadi Dodoma, nikaingia dukani na kusema, "Naomba ramu ya GB 4." Nikapewa, nikalipa, nikarudi Mvumi. Haikuingia! Nilikuwa nimenunua DDR4, kumbe kompyuta ile inatumia DDR3. Aina hizi haziingiliani: kila moja ina pengo lake dogo upande wa meno ya shaba, na mapengo hayo hayako mahali pamoja. Ukilazimisha, unavunja. Vilevile ramu ya kompyuta mpakato ni fupi, haifai kwenye ya mezani. Njia ya uhakika ni kuchomoa ile ya zamani na kwenda nayo dukani, au kupiga picha ya karatasi iliyobandikwa juu yake.

Uliza pia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata ukiijaza ramu, hivyo utakuwa umetupa fedha. Ya dada ilikuwa ya biti 64. Safari ya pili nilirudi na DDR3 ya GB 4 iliyotumika, na bei yake haikufika ya mbuzi mmoja.

Kuichomeka ni kazi ya dakika kumi, ila ina usalama wake, na hapa ndipo taaluma yangu inaingia.

Kwanza, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Ndani ya lile boksi tunaloliita sipiyu kuna kasha la chuma ambako waya wa umeme unaingilia. Usilifungue kabisa. Hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Pili, wenzangu wa Dodoma mnajua jinsi blanketi linavyotoa cheche usiku wa kiangazi. Umeme huo huo unakaa mwilini mwako, na unaweza kuua ramu bila wewe kuhisi chochote. Gusa chuma kisicho na rangi cha boksi kabla ya kushika ramu, na uishike pembeni, si kwenye meno.

Tatu, vumbi. Letu ni jingi. Lisafishie nje kwa brashi laini, ukiwa umefunika pua na mdomo, na mtoto mwenye pumu akae mbali.

Nne, na hili naomba mlisome mara mbili. Kwenye ubao wa ndani kuna betri ya duara inayong'aa, ukubwa wa sarafu. Mtoto mdogo akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Usimtapishe, usisubiri uone dalili, mkimbize hospitali apigwe picha ya eksirei. Hivyo, boksi likiwa wazi, mtoto wa kutambaa asiwepo chumbani, na betri ya zamani isiachwe mezani.

Baada ya hapo, fungua vishikio vya pembeni, linganisha pengo, sukuma ramu kwa nguvu sawa pande zote mbili hadi vishikio vibane vyenyewe. Ukiwasha ikalia tu bila kuonyesha picha, mara nyingi haijakaa sawa. Zima, chomoa waya, irudie.

Nisiwadanganye kwamba ramu ni dawa ya kila ugonjwa. Kama kipimo kinaonyesha kumbukumbu ina nafasi lakini diski iko asilimia 100 muda wote, tatizo ni diski, na kubadilisha kwenda SSD ndiko kutasaidia. Tena Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ramu mpya haiondoi hilo, kwa hiyo muulize fundi kama mashine yako inakubali mfumo mpya zaidi.

Ile ya dada aliichomeka kijana mwenyewe, mimi nikiwa nimeshika tochi ya simu na shemeji amesimama mlangoni. Ikawaka. Akafungua mtihani wa fizikia na ukurasa wa intaneti kwa pamoja, haikuganda.

Shemeji hakusema samahani. Wanaume wa kwetu mnawajua. Alikitoa kile kitenge, akakikunja, akampa mwanawe, akasema, "Kaa usome." Ng'ombe bado yupo zizini.

Wazazi wenzangu, kompyuta ikizembea, pima. Na mtoto akionekana kuzembea, pima pia kabla ya kuhukumu. Tukutane wiki ijayo.