Siku Kama Hii: Tarehe 28 Juni

Tarehe 28 Juni imeshuhudia kuzaliwa, kutawazwa, kuuawa na kupatana. Watu wa Isiolo wana sababu yao wenyewe ya kuikumbuka.

1712. Jean-Jacques Rousseau alizaliwa mjini Geneva, mwana wa fundi wa saa. Katika kitabu kilichotolewa mwaka 1762 alifundisha ya kwamba serikali ya haki hutokana na mapatano ya watu wenyewe.

1838. Malkia Victoria alivikwa taji mjini London, akiwa na umri wa miaka 19. Alipofariki mwaka 1901, nchi yote toka Mombasa hata ziwa lililopewa jina lake ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza.

1914. Mjini Sarajevo, kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip, alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, pamoja na mkewe Sophie. Mwezi mmodi baadaye vita vilianza Ulaya, na mwezi wa Agosti vikafika Dar es Salaam. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa kwa njaa, homa na kuhara katika vita ambavyo chanzo chake hawakukijua. Majina ya Kariakoo na Kariokor yametokana na kikosi chao.

1919. Miaka mitano kamili baada ya risasi hizo, Wajerumani walitia sahihi mkataba wa amani huko Versailles, wakapoteza makoloni yao yote. Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza, Ruanda na Urundi chini ya Wabelgiji. Baadhi ya askari wa Kisomali waliowatumikia Waingereza katika vita hivyo walipewa makazi Isiolo, na wajukuu wao wangali wakiishi humo. Hivyo mambo yaliyoanza Sarajevo yaliingia hata katika mji wa Isiolo.

1963. Ilikuwa siku ya 27 tangu Kenya ipate Madaraka. Bwana Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa D.C. wa Isiolo, alisafiri pamoja na Haji Galma Dido, chifu mkuu wa Waborana wa Isiolo. Jambo kubwa la siku zile lilikuwa moja: je, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ibaki Kenya, au ijiunge na Somalia? Tume iliyotumwa na Uingereza mwaka 1962 ilikuwa imeona ya kwamba walio wengi walitaka kujitenga. Mabwana hawa wawili walikwenda kuwasihi watu wabaki Kenya. Hawakwenda na jeshi, walikwenda na maneno. Wakauawa njiani kwa risasi.

Wahenga walisema, mjumbe hauawi. Auawapo mjumbe, maneno hukoma, na wanaolipa ni wale ambao hawakuulizwa. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa kaskazini. Wafugaji wa Isiolo walikusanywa kambini, mifugo yao ikafa na mingine ikapigwa risasi, na wengi waliokuwa matajiri wa ngamia na ng'ombe wakabaki mikono mitupu. Waborana huuita wakati ule Daba, yaani kuzuiwa. Mapatano yalifanyika Arusha mwaka 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi; lakini sheria za hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991.

Mjini Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, zimesimama sanamu za askari na mpagazi wa vita vya 1914. Katika barabara hiyo hiyo huanzia njia iitwayo Wabera. Makarani na wachuuzi hupita hapo kila siku. Apitaye tarehe 28 Juni na awakumbuke wote: mpagazi aliyekufa kwa ajili ya ugomvi wa mbali, na D.C. aliyekufa akienda kuzuia ugomvi wa nyumbani.