Sintofahamu Hiyo ni ya Nani?

Msimu wa pamba uliopita nilikuwa nyumbani Kibara, nikamsindikiza mjomba wangu kwenda kuuza. Magunia yake tulikuwa tumeyapima wenyewe kwa mizani ya kuazima, tukapata kilo 412. Mizani ya mnunuzi ilisema 368. Mjomba alipouliza zilikokwenda kilo 44, karani alimjibu kwa adabu: "Mzee, hapo kumetokea sintofahamu kidogo. Itashughulikiwa."

Mjomba amelelewa katika Kijita, na Kiswahili chake hakina madoido. Alinyamaza, kisha akauliza: "Sintofahamu hiyo ni ya nani? Mimi nimefahamu."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nami nilicheka. Lakini swali lile halijaniondoka, kwa maana naona mjomba alilisoma neno vizuri kuliko sisi tunaojiita wapenzi wa lugha.

Hebu tulichambue. Ndani ya "sintofahamu" mna sentensi nzima. "Si" ni kikanushi cha nafsi ya kwanza, mimi ninayesema. "Nto" hukanusha wakati ujao, kwa namna inayosikika katika lahaja za pwani na katika ushairi wa kale. Kiswahili sanifu cha leo kingesema "sitafahamu". Kisha linafuata "fahamu". Kwa hiyo neno, likisomwa lilivyo, ni kauli ya mtu anayekiri kwamba hataelewa. Sentensi hiyo imeganda ikawa nomino, nasi twasema sintofahamu imezuka, sintofahamu imetanda. Kuganda huko si kosa. Lugha yetu ina desturi hiyo hata katika majina ya watu: tunao akina Sikujua, Sikudhani na Sijali, na hakuna anayewataka wabadilishe majina.

Basi shida yangu si umbo la neno. Shida yangu ni kazi tunayolituma. Sentensi ilipoganda, yule "mimi" aliyekuwa ndani yake alisahauliwa, likabaki jambo linalozuka lenyewe kama ukungu wa alfajiri ziwani. Mishahara imechelewa: sintofahamu. Mpaka wa shamba umesogezwa usiku: sintofahamu. Kilo 44 zimepotea kati ya gunia na stakabadhi: sintofahamu. Hayupo aliyetenda wala aliyetendewa, na anayedai haki yake anageuzwa kuwa mtu asiyeelewa.

Nalikubali neno hili pale linapostahili. Mwaliko ukiandikwa "saa 2:00", mmoja akafika asubuhi kwa hesabu ya Waswahili na mwingine akafika mchana kwa hesabu ya Wazungu, hiyo ni sintofahamu halali. Kila mmoja amefahamu lake, hakuna aliyedhulumu, na maelezo mafupi yanatosha kuimaliza. Kilo za mjomba hazikuwa za namna hiyo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hatukuwa na uhaba wa maneno. Kiswahili kina hazina kubwa ya kutaja vurugu za dunia na za moyo, na kila neno lina picha yake. "Utata" umetokana na kutatana, kama nyuzi zilizoshikana. Wavuvi wetu wanalijua hilo kwa vidole: wavu uliotatana hutatuliwa jicho kwa jicho, na ndiyo sababu hata tatizo tunasema linatatuliwa. "Vurugu" imetoka katika kuvuruga, na maji hayajivurugi. Upo mkono au mguu ulioingia. "Mkanganyiko" ni wa fikra, pale mambo mawili yanapofanana hata mtu asijue ashike lipi. "Fazaa" ni ya anayechanganyikiwa kwa hofu. "Bumbuwazi" humpiga aliyeona ajabu akabaki mdomo wazi. Yapo pia "songombingo" na "tandabelua", maneno yasiyosikika sana siku hizi, ambayo mlio wake peke yake unatosha kukueleza kwamba mambo yamekwenda shaghalabaghala.

Wala sisi wa kanda ya ziwa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu wa maneno haya. Ukivuka kwa kivuko kutoka Kisorya unaingia Ukerewe, kisiwa alichozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, katika kijiji cha Namagondo. Riwaya yake ya mwaka 1975 aliiita Dunia Uwanja wa Fujo. Hakuiita uwanja wa sintofahamu. Fujo hufanywa, na uwanja una wachezaji. Msomaji anajua kabla ya kufungua kitabu kwamba atakutana na watu na matendo yao. Alipotaka kusema juu ya mtu aliyepotea ndani ya maswali makubwa, mwaka 1991, alichagua neno jingine adimu, Mzingile, yaani njia zinazozungukazunguka hata aliyeingia asijue pa kutokea. Machafuko mawili yalipewa majina mawili. Huo ndio uaminifu wa mwandishi kwa lugha yake.

Ombi langu kwenu, ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaoandika habari, barua za ofisi na mashairi, ni dogo. Kabla ya kuandika "sintofahamu", ulizeni kama mjomba: ni ya nani? Ikiwa pande zote kweli hazikuelewana, liandikeni. Ikiwa mtu amepunja, andikeni kupunja. Ikiwa amechelewesha, andikeni amechelewesha. Neno sahihi halirudishi kilo, lakini humrudishia mkulima heshima ya kuonekana mtu mwenye akili timamu, na humwonyesha pa kupeleka madai yake.

Hadi leo ninapoandika, zile kilo 44 hazijalipwa. Mjomba aliponiuliza kama kweli ninatunga mashairi, nilimtungia ubeti huu:

Nyavu zikitatizika, mwenye nyavu hutatua,
Na maji yakichafuka, hungojewa kutulia,
Mizani ikipindika, mpindaji twamjua,
Msitutwishe mashaka, sisi tumeshafahamu.

Aliusikiliza hadi mwisho, akasema nimpelekee karani.