Nani Kasema Pasi Haijui Kiswahili?

Kumezuka miongoni mwa walimu wa Kiswahili hapa Uganda, na bila shaka hata kwa majirani zetu, tabia ya kuvilaani vyombo vya kisasa vya nyumbani. Ati sufuria ya umeme inaua mapishi ya mama zetu; ati simu ya mkononi imewapokonya watoto hadithi; ati mashine ya kufulia ni uvivu ulionunuliwa kwa fedha nyingi. Maneno haya husemwa kwa ufasaha mkubwa, yakapambwa kwa methali, na mara nyingi msemaji mwenyewe ana simu mbili mfukoni. Sisi twayakataa.

Tuanze na maharagwe. Maharagwe makavu yakichemshwa juu ya jiko la makaa huweza kuchukua saa mbili na zaidi, na muda wote huo hapana budi pawe na mtu wa kuongeza maji na kupepea moto. Mtu huyo, kwa kawaida, si yule bwana anayeulilia utamaduni ukumbini. Sufuria ya umeme, ile ambayo wauzaji huiita presha kuka, huufungia mvuke ndani. Shinikizo hupanda, na maji ambayo katika sufuria ya kawaida hayawezi kupita nyuzi 100 hufikia kama nyuzi 120. Maharagwe hulainika upesi zaidi, na mpishi yu huru kusoma, kulala, au kupiga soga na jirani. Ni utamaduni gani uliokufa hapo? Kinu na mchi navyo ni vyombo vya kurahisisha kazi. Havikubuniwa na mtu aliyependa kuteseka. Cherehani nayo ilipofika pwani haikuiua kanzu.

Kasoro ipo, lakini haiko pale wenzetu wanapoinyoshea kidole. Sufuria hiyo huja na kijitabu. Ndani ya kijitabu mna Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, pengine na Kichina. Kiswahili, aghalabu, hakimo. Humo ndimo lilimoandikwa onyo kwamba mfuniko usifunguliwe kabla mvuke haujatoka wote, na kwamba tundu la kutolea mvuke lisafishwe lisije likaziba. Onyo hilo si pambo, kwani mvuke ule huunguza uso na mikono. Lakini kijitabu hutupwa pamoja na boksi, na elimu ya chombo hubaki kuwa ya kusikia kwa watu. Kadhalika friji. Katika mafriji mengi, namba iliyo kubwa ndiyo yenye baridi kali. Hata hivyo wapo wanaozungusha kirungu hadi 7 wakidhani wanapunguza baridi, kisha asubuhi wakute mboga zimeganda kama mawe! Mtu amenunua raha, akauziwa fumbo.

Wapo watakaotujibu kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo. La hasha. Na waitazame pasi ya umeme. Kirungu chake kimezungushiwa majina ya vitambaa kwa Kiingereza, nasi tukiyasoma kwa lugha yetu twapata hariri, sufu, pamba na kitani. Maneno hayo yalikuwako pwani kabla umeme haujafika huko. Hakuna istilahi ya kubuni hapo, wala mkutano wa kuitisha. Zile nukta zinazochorwa kwenye pasi na kwenye kitambaa kidogo kilichoshonewa ndani ya shati nazo zaweza kufundishwa katika kipindi kimoja: nukta moja ni kama nyuzi 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aziweza.

Tena neno jipya halisubiri chombo kizoeleke kwanza. Huja nacho mkono kwa mkono. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya zamani ya televisheni jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba iliyotaka kuendelea kutazama ilihitaji king'amuzi, na neno hilo, mtoto wa kitenzi ng'amua, likawa kinywani mwa watu wote hata wasiokuwa na habari ya sarufi. Nchini Kenya, M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ilijipachika neno pesa katika jina lake. Huduma ya mkopo iliyofuata mwaka 2019 ikaitwa Fuliza, kitenzi ambacho walimu wengi walikuwa wakikikuta katika kamusi tu. Wafanyabiashara ndio waliokitoa huko na kukipeleka sokoni. Wakati huohuo sisi watu wa lugha twagombana kama tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta!

Katika nchi yetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kiswahili kilitangazwa kwa amri kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kikaingizwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua tena kuhusu urasmi wake. Amri hatukukosa. Lakini wananchi wengi waliijua lugha hii kwanza kutoka kambini na katika kituo cha polisi, na mwanafunzi akituuliza itamfaa nini nyumbani, jibu halimo katika hotuba za tarehe 7 Julai. Jibu liwe jikoni. Lugha isiyoweza kumwambia mama afungue mfuniko lini, atakuwa na haki gani kulaumiwa mtoto akiiacha baada ya mtihani?

Waagizaji wa bidhaa washinikizwe, na taasisi za viwango za nchi za Jumuiya ziombwe kuweka Kiswahili katika masharti ya vijitabu, ndiyo. Lakini hilo litachukua miaka. Darasa halihitaji kungoja. Muhula ujao kila mwalimu na awatake wanafunzi wake walete kijitabu kimoja cha chombo kilichomo nyumbani, wakifasiri kwa Kiswahili cha kueleweka na bibi asiyejua Kiingereza, kisha wamsomee chombo kikiwa mbele yake. Tafsiri atakazozielewa ziletwe kwa mhariri wa jarida hili. Tutaanza na ya presha kuka, ukurasa wa mfuniko.