Kamba Kabla ya Kompyuta

Twaamini kwamba somo la mtandao wa kompyuta halifai kuanza kwa kukariri majina ya vifaa. Aghalabu mwalimu huandika ubaoni "ruta", "swichi" na "kebo", watoto wakanakili, na mtihani ukauliza maana zake. Mtoto aliyefundishwa hivyo, akikuta nyumbani kwamba matundu ya ruta yamejaa, hana shauri ila kusema inunuliwe ruta nyingine kubwa zaidi. Wazazi huingia gharama isiyo ya lazima, na elimu yake haikumfaa.

Yafaa tatizo hilo hilo liwe ndilo somo. Ruta nyingi za nyumbani zina matundu manne ya kuunga vifaa vya ndani. Tuseme kompyuta mbili, televisheni na printa zimekwisha yajaza, na sasa imepatikana kompyuta ya tatu. Dawa ni swichi, yaani kisanduku cha kugawa njia, wala si swichi ya taa. Swichi ya matundu 8 huungwa na ruta kwa kebo moja. Hapo watoto waulizwe: vifaa vingapi sasa vyaweza kuungwa? Wengi watajibu 12. Mwalimu asiwasahihishe upesi. Wachore na kuhesabu, nao watagundua kwamba kebo ya kiungo imechukua tundu moja kila upande. Yamebaki 3 na 7, jumla 10.

Baada ya hesabu, uje mchezo wa kamba, ambao hata shule isiyo na kompyuta yaweza kuufanya. Mtoto mmoja awe swichi, wenzake wawe vifaa, kila mmoja ameshika kamba inayofika kwake. Barua iandikwe jina la mpelekaji na la mpokeaji. Swichi huandika daftarini barua ya nani imekuja kwa kamba ipi. Asipomjua mpokeaji, hupeleka nakala kwa wote isipokuwa aliyeileta. Akimjua, humpelekea yeye peke yake. Kisha kamba mbili ziungwe baina ya swichi na ruta, na itumwe barua ya watu wote. Itazunguka bila kikomo, na kazi itakwama. Ndivyo mtandao wenye swichi za kawaida unavyokwama kwa kebo moja ya ziada.

Mwisho, watoto watoke na futi kamba wapime uwanjani meta 100, ambazo ndizo kikomo cha kebo ya kawaida ya shaba kati ya kifaa na kifaa.

Wapo wanaosema kwamba haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa mawimbi ya redio yameondoa haja ya kebo. Hatukubaliani nao. Kifaa kisichohama, kama vile televisheni, kikiungwa kwa kebo huyaachia mawimbi simu na vifaa vingine vinavyohama. Tena, mawimbi hayaonekani, bali kamba huonekana na kushikika. Na mtoto wa shule ya msingi huanza kuelewa kwa kile anachokishika.

Basi, walimu wenzetu mnaojiandaa kwa kazi hii, msingoje shehena ya kompyuta ndipo mfundishe. Ingieni darasani na kamba, karatasi na swali lenye kufikirisha. Majina ya vifaa yatafuata, nayo hayatasahauliwa.